Sponji ya Lumbanzi

Printa ya ngozi haifi, inasusa. Wanafunzi wangu wa ufundi hucheka nikisema hivyo, lakini wakishapangiwa vituo wanarudi wakikiri: fundi, kweli inasusa. Inazima taa ya kijani, inawasha ya chungwa, inaandika maneno ya adabu kwenye kioo chake, halafu inakaa kimya kama mke aliyerudi kwao. Ukiipiga kofi hupati kitu. Unavuta kigoda, unakaa nayo, unaanza kuuliza taratibu imekula nini na imeudhiwa na nani.

Ile ya Kituo cha Afya Lumbanzi ilisusa Ijumaa asubuhi, na kama ningeruhusiwa kuichagulia siku, Ijumaa ile nisingeigusa. Wodini alikuwa amelala Skolastika Gama, mpika komoni, mkono wake wa kushoto umeungua kuanzia vidoleni hadi juu ya kiwiko baada ya pipa la pombe inayochemka kumgeukia. Wino wake ulikuwa umeiva alfajiri hiyo. Wino wa ngozi ukishaiva haumsubiri mtu. Asubuhi ni ngozi changa inayotafuta pa kushika, jua likizama ni uji. Kukuza mwingine kunachukua mwezi, na daktari alikwisha kusema kidonda hakina mwezi. Ngozi isipochapwa leo, Jumatatu mkono unakatwa.

Hayo yote aliniambia Mama Eskilda kwenye simu kwa pumzi moja. Yeye ndiye nesi anayeitunza printa ya Lumbanzi, na kwa kawaida haongei nami bila kunitukana kwanza. Mimi ni Mhehe, yeye ni Mngoni. Sisi ni watani tangu enzi za mababu waliopigana mpaka wakachokana. Siku hiyo hakunitukana. Nikachukua begi langu na sponji mpya, nikapanda pikipiki yangu ya umeme, na njia nzima kutoka Songea nilikuwa nauwaza ule upole wake kuliko nilivyoiwaza printa.

*

Nilimkuta amesimama mlangoni pa chumba cha mashine, mikono kiunoni.

"Kamwene," akanisalimu kwa Kihehe chake cha kuokoteza. "Umekuja mikono mitupu? Nilidhani utaleta kitoweo chenu kinachobweka."

"Shikamoo, mtani. Kitoweo nimekificha, Wangoni hamwachi kitu. Mababu zenu walitembea kutoka kusini kote kule, wakaja kuchoka hapa kwenye mahindi ya watu."

"Walichoka kuwapiga ninyi. Ingia, Kikoti. Mtoto wa watu anateseka huko ndani."

Mdomo wake ulinitania lakini macho yalinikwepa. Nikaingia nikijua kuna jambo, ila nikajiambia nianze na mashine, maana mashine haina haya.

Kwa sura, printa ya ngozi ni mjukuu halisi wa zile printa za matangi zilizokuwa ofisini mwa bibi zetu. Ina matangi ubavuni yenye vidirisha vya kuonyesha wino umefika wapi, ina kichwa kinachokwenda kulia na kushoto, na ina kitanda pembeni ambako kichwa hicho hulala kikimaliza kazi. Tofauti ni kwamba mle matangini hamna rangi. Mna chembe hai za mgonjwa mwenyewe, zilizokuzwa kutoka kipande cha ngozi yake kidogo kuliko ukucha: tangi moja la ngozi ya ndani, jingine la ngozi ya nje. Na mahali pa karatasi pana mkono wa mtu.

Kwenye kioo iliandikwa: *Hitilafu ya huduma. Sponji ya taka imejaa. Tafadhali wasiliana na fundi.*

Hata hili limerithiwa. Kila kabla ya kuchapa, kichwa hutema wino kidogo ili kuzibua matundu yake, na hayo mate huangukia kwenye sponji iliyo kwenye droo ya chini. Sponji ikijaa, mashine inagoma yenyewe, isije ikafurika na kuchafua ngozi ya mtu. Hapo unatoa ya zamani, unaiteketeza, unaweka mpya, unairudisha hesabu kwenye sifuri, na maisha yanaendelea.

"Sponji ulibadilisha lini?" nikamuuliza.

"Kila inaposema."

"Na za zamani?"

"Zinateketezwa," alijibu haraka, kama anajibu katekisimu.

Nilizima umeme, nikachomoa waya, nikaiacha ipumue. Nikafuta jicho la sensa kwa spiriti. Nikawasha. Taa ya chungwa. Nikaingia kwenye ukurasa wa mafundi, ule ambao wagonjwa na manesi hawauoni, na hapo nikakuta kitu kilichonifanya nisahau hata kukunja mikono ya shati.

Printa huwa inaijua sponji yake kwa njia mbili. Inahesabu matone inayotema, na inapima uzito wa droo. Hesabu ya matone ilisema sponji haijafika hata nusu. Uzito ulisema imepitiliza. Nikashuku kipima uzito, kwa sababu vipima uzito ni waongo maarufu katika kazi yetu. Nilikuwa na kingine kwenye begi, nikakibadilisha. Kikasema vilevile.

Nazipenda hitilafu za namna hii, sina haja ya kuficha. Ukiwa na hesabu mbili za kitu kimoja na hazipatani, mojawapo inadanganya. Zikiwa zote zinasema kweli, basi kuna kitu cha tatu ambacho hujakiona. Nikashika droo nikaivuta.

Droo ya sponji iliyojaa huwa inanuka maziwa yaliyolala. Hii haikunuka. Ilikuwa na joto. Na sponji yenyewe haikuonekana, kwa sababu ilikuwa imefunikwa na ngozi, ngozi nzima, laini, isiyo na mshono, ya rangi nyingi zilizoingiana: hapa weusi wa kung'aa, pale maji ya kunde, pale kahawia ya chai ya maziwa. Sehemu moja ilikuwa na vinyweleo. Upande wa kulia ilikuwa imepanda juu ya ukingo wa droo, ikielekea kule ambako kichwa cha printa hulala.

Niliigusa kwa kidole chenye glavu. Ikasisimka. Vipele vidogo vya baridi vilitoka pale nilipogusa, vikasambaa, vikapotea.

"Mtani," nikasema. "Hii ni nini?"

Mama Eskilda alikuwa amekwisha kufunga mlango. "Ifunike kwanza," akasema. "Inasikia baridi."

*

Eskilda alikuwa binti yake wa pekee, na printa ile ilikuwa ya Eskilda kabla haijawa ya mama. Ndiye aliyepelekwa kusomea namna ya kuiendesha. Mtungi wa gesi ulipomlipukia jikoni kwake, walimchapa kwa mashine yake mwenyewe, mama akiwa ameshika taa. Ngozi ilishika vizuri. Mapafu ndiyo yaliyokataa. Aliondoka baada ya siku chache, katikati ya masika, daraja la kuja Lumbanzi likiwa limesombwa na maji. Alizikwa na majirani wachache na katekista. Sisi watani tulipata habari maji yalipopungua.

Hayo niliyajua. Yaliyofuata ndiyo sikuyajua.

"Mashine ikaniambia nibadilishe sponji," Mama Eskilda alisema. Alikuwa ameketi kwenye kigoda changu, mikono imelala mapajani. "Nikaitoa. Nikaenda nayo hadi kwenye tanuri kule nyuma. Nikafungua mlango wa tanuri, nikaona mabomba ya sindano, bandeji, uchafu wa watu. Kikoti, nikuulize. Kitovu chako kilitupwa jalalani?"

"Kilizikwa."

"Ukinyoa nywele unazimwaga njiani?"

"Hapana."

"Sasa mimi nimtie mwanangu mle?" Alitikisa kichwa. "Nilisema nitaizika mwenyewe, siku nikipata nguvu. Nikaiosha kwa maji ya chumvi ya dripu ili isioze. Nilipoiosha nikaona ina rangi. Unanielewa? Haikuwa imekufa. Nikairudisha mahali pake, nikaiambia mashine nimebadilisha. Na tangu hapo kila mgonjwa akiisha kuchapwa, yale maji ya lishe yanayobaki kwenye matangi naimiminia. Ni ya kumwagwa tu yale, simwibii mtu."

"Kwa hiyo humu yumo Eskilda."

"Si yeye peke yake. Yumo Mzee Ngonyani wa mashine ya kusaga. Yumo yule mwalimu aliyepigwa na radi. Wamo watoto wawili wa Mbawala, wale ambao sasa wanacheza mpira uwanjani kama hawakuwahi kuungua. Wazima na marehemu, wote wamekaa pamoja. Hawagombani."

Vitabu vinasema ngozi za watu wawili hazikai kitanda kimoja. Moja itaifukuza nyingine. Nimewauliza wasomi baadaye, bila kutaja mahali, na kila mmoja amenipa jibu lake. Labda hakuna aliyewahi kuzilisha pamoja kwa upendo kiasi kile. Hilo si jibu la kisayansi, lakini nililiona kwa macho yangu, na ilikuwa ngozi nzuri.

"Nifanyie kama unavyowafanyia wengine," akasema. "Pale ilipopanda punguza kidogo. Halafu izuge mashine, tumchape Skolastika, yaishe. Nani atajua?"

Kuzuga kila fundi anakujua ingawa hakuna kitabu kinachokufundisha. Unashikilia kitufe cha kusimamisha huku unawasha umeme, unakiachia, unakibonyeza tena mara kadhaa mpaka taa zote mbili zimetamete, na printa inaamka ikiamini imevishwa sponji mpya. Nimezuga mara nyingi, vituoni ambako sponji hazijafika na wagonjwa wamefika. Sikuwahi kukosa usingizi kwa ajili hiyo.

"Sawa," nikasema. Nilimpenda sana mama yule, na sikutaka kuwa mtu wa kumwambia hapana.

*

Nilivaa glavu mpya, nikachukua kisu kidogo cha upasuaji, nikainama juu ya droo.

"Nikate wapi?"

"Hapo palipopanda."

"Hapo ni nani?"

Akainama naye. Alinyoosha mkono juu ya ile ngozi bila kuigusa, akaupitisha kutoka kwenye weusi hadi kwenye maji ya kunde, akaurudisha.

"Kuna siku namwona hapa pembeni," akasema. "Siku nyingine naona si hapo, ni hapa katikati." Akarudisha mkono kifuani. "Sijui, Kikoti. Sijui ni wapi."

Nikaweka kisu chini. Nilipoinama hivyo nilikuwa nimeona vizuri umbali uliobaki kati ya ile ngozi na kitanda cha kichwa, na ulikuwa mdogo kuliko nilivyodhani. Ikikatwa itaota, kwa sababu inalishwa. Ikiota itapanda. Siku moja kichwa kitalala juu yake, kitaamka na chembe za watu wengine kwenye matundu yake, kizipande kwenye kidonda cha mtu ambaye hana habari. Mwili wa mtu huyo utapigana na ngozi usiyoijua, naye atakufa, na hakuna atakayejua sababu, maana mashine itasema kila kitu ni kizima.

Nilimweleza hivyo.

"Mimi ni nesi," akanijibu. "Usinifundishe kazi, mla mbwa wewe."

Lilikuwa tusi la kwanza la kweli siku ile, nami nililifurahia.

"Tuitoe basi, tuiweke kwenye chupa," akasema tena, sauti imeshuka.

"Nje ya mashine hakuna joto wala pampu. Itaoza, na utaiangalia ikioza. Mahali pekee pa kuiweka ni matangini, na matangini mna wino wa Skolastika."

Ningeweza kupiga simu wilayani, wakaja vijana wenye glavu na mfuko mweusi, na sheria yote ingekuwa upande wangu. Ningeweza pia kuzuga, nikaondoka nikiwa mtani bora kuliko wote duniani, nikamwachia mgonjwa wa mwezi ujao deni ambalo hakulikopa. Nilijua la pili sitalifanya tena. La kwanza pia sikuliweza. Mzazi hanyang'anywi mtoto mara mbili.

Nikasema nakwenda kumwona mgonjwa.

Skolastika alikuwa macho, mkono umefungwa kitambaa chenye maji, umewekwa juu ya mto. Ni mwanamke mnene mwenye sauti ya sokoni, na hata maumivu hayakuwa yameipunguza.

"Fundi, kama hiyo printa imegoma, nichape hata kwa brashi ya chokaa. Mimi si mchaguzi wa rangi."

"Inakuja, mama. Vumilia."

"Navumilia." Akauangalia mkono wake kama anavyoangaliwa mtoto mgonjwa. "Huu ndio wa kukorogea. Wa kulia hauna kazi, ni wa kupokelea pesa tu." Alicheka, halafu akaacha. "Wamesema Jumatatu, fundi. Usiniache nifike Jumatatu."

Nikarudi kwenye chumba cha mashine. Mama Eskilda alikuwa ameligeukia dirisha. Nyuma ya mlango nikaliona koti jeupe la kazi limetundikwa, kibandiko cha jina bado kipo kifuani: Eskilda Tawete. Hakuna aliyelitoa mahali lilipoachwa. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kwenye msiba ule watani hatukuwepo.

*

Mgeni akituona watani msibani hudhani tumerukwa na akili. Ndugu wanalia, sisi tunachimba kaburi, tunapika, tunagombana na wapishi. Tunavaa kofia ya marehemu na kutembea kama yeye. Tunamsema marehemu alivyokuwa bahili, alivyokoroma, mpaka mfiwa acheke bila kupenda, na akicheka ndipo anapoanza kulia vizuri. Wakati wa kuzika tunaziba njia mpaka tupewe kitu. Hiyo ndiyo kazi yetu, na Mama Eskilda hakuwa amefanyiwa.

Nikalivaa koti. Lilinibana mabegani. Nikatoka nje, nikaingia tena nikiburuza viatu, kwa sababu Eskilda hakuwahi kuinua mguu katika maisha yake. Nikatia kalamu mdomoni, nikasemea puani kama alivyokuwa akisema kwenye simu:

"Fundiii, njoo. Mgonjwa wako kanuna, na mimi nimemnunia vilevile, tunatazamana tu hapa."

Mama Eskilda aligeuka. Uso wake ulikauka, na kwa kitambo nilidhani nimekosea vibaya. Lakini mtani akishaanza harudi nyuma. Nikaketi sakafuni, nikanyoosha miguu mbele.

"Na huyu mama ananimwagia maji ya chumvi kila siku, utadhani mimi kachumbari. Mama, hata ugali wako ulikuwa na ladha kuliko haya. Tena umenilaza na Mzee Ngonyani. Wanawake wote wa Lumbanzi hukuwaona, ukanichagulia Ngonyani. Mzee anakoroma, mama."

Alijaribu kujizuia, nikamwona. Midomo ilibanana, mabega yakaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka kwa nguvu mpaka akashika ukingo wa meza. "Alikuwa anakoroma kweli," akasema. "Hapo wodini, Eskilda alikuwa anahama kiti." Akacheka tena, na katikati ya kicheko kikageuka. Akashuka sakafuni pembeni yangu, akalia kwa sauti, kilio ambacho kilikuwa kimemngojea tangu masika.

Hapo ningeweza kumsemesha Eskilda lolote. Ningeweza kumfanya amwombe mama yake amwachie aende zake, na Skolastika angepona mkono bila maneno zaidi. Sikufanya. Mtani anaiga, hatungi. Nilinyamaza ndani ya lile koti lililonibana, nikamshika mkono.

Alipomaliza alijifuta uso kwa upindo wa kanga. Aliitazama droo.

"Mvue mwanangu koti lake," akasema. "Tuna mgonjwa."

*

Aliitoa sponji kwa mikono yake, akaifunika kwa kanga yake isione baridi. Tulipita uani, mbele ya benchi la kliniki ambako akina mama walikuwa wamekaa na watoto wao. Kabla hatujalifikia tanuri nikamtangulia, nikanyoosha mikono, nikaziba njia.

"Hapiti mtu."

"Kikoti, toka."

"Sitoki. Wahehe tumekuja kwa miguu, tuna njaa. Toa kuku."

"Kuku? Wewe?" Akaanza. Alinitukana mimi, akamtukana baba yangu, akawatukana Wahehe wote na mbwa wao, na kila tusi lilimnyoosha mgongo kidogo. Kuku akakubali, jogoo, tena mwenye kilema. Nikampisha.

Mama mmoja alikuwa ameinuka kwenye benchi. "Nesi, kuna msiba? Nani amefariki?"

"Eskilda wangu."

"Si tulimzika masika, dada?"

"Ndiyo. Leo watani wamefika."

Yule mama hakuuliza tena. Alimfunga mtoto wake mgongoni akatufuata, na wengine wakafuata, benchi likabaki tupu. Mmoja akaanzisha wimbo wa kuzikia kwa sauti ya chini, wakaitikia. Mbele ya tanuri Mama Eskilda aliwataja marehemu wote aliowajua waliokuwa mle, jina kwa jina. Waliomo ambao wangali hai aliwaomba radhi. Halafu akaifunua kanga, akaiweka ile ngozi motoni mwenyewe, hakumpa mtu.

Ilisisimka mara moja, ikatulia. Nililia sana, na bado nikikumbuka nalia. Ilikuwa hai, ilikuwa nzuri, na haikuwa na kosa lolote.

*

Sponji mpya ni nyeupe kama mkate. Niliiweka kwenye droo, nikafuta kichwa, nikafuta kitanda chake mara mbili. Nikaagiza hesabu zirudi sifuri. Mashine ikauliza kama inavyouliza kila mara: *Sponji ya zamani imeteketezwa?* Nilikuwa na kidole tayari. Mama Eskilda akakisogeza kando, akabonyeza *Ndiyo* yeye, kwa utulivu. Taa ikawa ya kijani.

Tulimleta Skolastika jua likiwa linaingia kwa dirisha la magharibi, wino wake ungali na uhai. Mkono ukalazwa mahali pake. Kichwa kikatoka kitandani, kikatema, nasi tukasikia matone yakigonga sponji kavu. Kisha kikaanza safari zake juu ya kidole gumba, kulia, kushoto, na nyuma yake ngozi ikaonekana, nyembamba, yenye unyevu, ya Skolastika mwenyewe.

"Inatekenya," akasema Skolastika.

"Tulia," tukamwambia kwa pamoja.

Vidole vikaisha. Kiganja kikaisha. Mama Eskilda alikuwa amemshika bega la upande mzima, macho kwenye kidirisha cha wino, kazi imemrudia usoni. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, sina la kufanya; mashine ikishakubali kufanya kazi fundi ni mtu wa ziada. Uchovu ulikuwa umenishukia mwili mzima.

"Nawe umekaa tu hapo," akasema bila kunitazama.

"Nifanye nini, mtani? Inakwenda vizuri."

"Majivu yatakuwa yamepoa," akasema. "Na kaburi huchimbwa na nani, na mimi?"

Nikamwangalia. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na alikuwa anatabasamu, na mkono wake haukutikisika begani kwa Skolastika. Kichwa cha printa kilikuwa kimefika karibu na kiwiko. Nikainuka, nikatoka nje kwenda kuuliza ni wapi wanaweka jembe.